Baba anaanguka, mama ananyamaza

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na muuguzi mstaafu wa Moshi, aliyefanya kazi wodini kwa miaka 34.

SWALI

Shikamoo mama. Naandika kutoka Njiro, Arusha. Tumezaliwa watano, mimi ni wa pili. Wazazi wetu wako Machame, kwenye nyumba ileile tuliyokulia. Baba ana miaka 81, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, alitoka usiku kwenda chooni. Choo kiko nje, nyuma ya banda la ng'ombe. Akateleza, akaanguka. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, ila tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo na amekuwa mwoga. Tena anasahau. Jambo moja anauliza mara tano. Juzi alimwita mwanangu kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Kuna asubuhi alivaa koti akaondoka kwenda "kufundisha", akarudishwa na kijana wa bodaboda anayemfahamu.

Kaka yetu mkubwa yuko Dodoma. Anasema mzee haondolewi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, makaburi ya babu na bibi yako pale, na akifia kwenye nyumba ya mkwe wake mjini ni aibu ya ukoo. Kaka anayenifuata anataka niwachukue mimi, kwa sababu nina nyumba yenye nafasi na mume wangu hana neno. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kwa desturi ndiye mwenye nyumba ile, yuko Dar na mke wake amesema wazi kwamba hahamii Machame. Mdogo wangu wa kike akataja makazi ya wazee ya Njoro, Moshi, kaka mkubwa akamkatia simu. Baba akiulizwa anajibu, "Niacheni hapahapa." Mama ana miaka 76, yeye hana neno, anasema tutakavyoamua ni sawa.

Tumepanga kikao Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Naogopa tutagombana. Tuwapeleke wapi?

Binti wa Machame, Njiro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Karibu yote ni ya baba. Mama umempa mstari mmoja, tena wa mwisho, na ndani ya mstari huo hana neno. Mimi nataka tuanze na yeye.

Hebu fikiri usiku wa pale nyumbani. Mzee wa miaka 81 haendi chooni mara moja. Anaamka mara mbili, mara tatu. Nani anawasha taa? Nani anamtafutia malapa? Usiku ule alipoanguka kwenye tope, nani alimwinua? Hukuandika, lakini najua hukuwa wewe wala kaka yako wa Dodoma. Alikuwa bibi wa miaka 76. Asubuhi yake bibi huyohuyo alikata majani ya ng'ombe, akachemsha maji, akamkanda mumewe, akawapigia simu akisema, "Baba yenu hajambo, aliteleza kidogo tu." Nimelaza wazee wengi kwa kuanguka au kwa nimonia, na baada ya wiki chache nikampokea mke aliyekuwa anamuuguza, presha imepanda hadi hawezi kusimama. Anayeletwa kwenye machela si mgonjwa peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kikao, panda gari uende Machame peke yako. Usiende na kaka, usiende na keki. Nenda siku ya kawaida, ukae na mama jikoni, mmenye ndizi pamoja. Usimuulize anataka kukaa wapi, kwa sababu atakujibu "popote mtakaponiweka", ndivyo walivyolelewa. Muulize: "Mama, jana usiku uliamka mara ngapi?" Kisha nyamaza, endelea kumenya. Muulize nani anamwogesha baba. Muulize mara ya mwisho kwenda kanisani ni lini, kwa sababu mama wa Machame asiyeonekana kanisani Jumapili tatu mfululizo ana sababu, na sababu hiyo ni kwamba hawezi kumwacha mtu nyumbani. Yatakayotoka hapo jikoni ndiyo ajenda ya kikao chenu.

La baba sasa. Umeandika "anasahau" kama unavyoandika kwamba ana mvi. Naomba msilipokee hivyo. Wilayani kwenu Hai kulifanyika utafiti vijijini, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, wapatao 6 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Geuza hesabu hiyo uone kwamba wengi sana hawana. Kumwita mjukuu kwa jina la marehemu na kuvaa koti kwenda kufundisha shule aliyostaafu siku nyingi si uzee wa kawaida, ni jambo la kuonwa na daktari. Mpelekeni KCMC au Mawenzi. Bebeni dawa zote anazomeza kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za duka na za kienyeji, daktari aziangalie pamoja, maana zipo dawa zinazomvuruga mzee akili au kumtia kizunguzungu. Aangaliwe mkojo. Maambukizi ya mkojo kwa mzee yanaweza yasilete homa wala maumivu, yakaleta kuchanganyikiwa tu, na yakitibiwa anaweza kurudi kwenye hali yake. Aangaliwe macho, maana mwenye mtoto wa jicho gizani anaweza kuona watu wasiokuwepo na asiuone mfereji uliopo. Aangaliwe masikio. Mtu asiyesikia jibu anauliza mara tano.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitali za serikali zina dirisha la wazee, kwa hiyo asipange foleni na vijana. Kama katika ninyi watano yupo anayekatwa mchango wa NHIF, bima ya afya ya taifa, kazini, aulize kuhusu kuwaandikisha wazazi kama wategemezi wake. Nashangaa ni familia ngapi zinachangishana kila mwezi kununua dawa wakati mmoja wao ana kadi mfukoni.

Swali lako lenyewe, wapi. Nitakusimulia langu, na silisimulii kwa furaha.

Mwaka 2009 nilimtoa mama yangu Kilema nikamleta kwangu hapa Moshi mjini. Nilikuwa na maji ya bomba ndani, choo cha kukaa, geti, televisheni, na mimi mwenyewe muuguzi. Presha nilimpima asubuhi na jioni, dawa nilimpa kwa saa. Mama akawa anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, anaangalia ukuta wa jirani. Ikifika saa kumi na moja jioni ananiuliza, "Ng'ombe wamekula?" Namwambia mama, hapa hakuna ng'ombe. Kesho yake saa hiyohiyo anauliza tena. Mwezi wa kwanza alikuwa anazunguka nyumba kutafuta la kufanya. Akichukua ufagio, dada wa kazi anampokonya kwa heshima, "Bibi, pumzika." Akishika kisu kumenya ndizi, mimi nasema atajikata. Mwezi wa nne alikuwa hasimami bila kushikwa. Mtu aliyekuwa akipanda mlima na mzigo wa majani kichwani! Mimi nikaandika kwenye daftari langu la uuguzi: "miguu inaishiwa nguvu, uzee." Haikuwa uzee. Nilimkalisha kwenye kiti miezi minne kwa jina la upendo, na misuli ya mzee ikilala mwezi mmoja kuamka kwake ni kazi kubwa. Tulimrudisha Kilema mwezi wa sita. Hakurudi kama alivyokuwa, nisikudanganye, lakini alimenya ndizi tena akiwa amekaa kwenye kigoda, na saa kumi na moja aliona ng'ombe wakila. Alifariki mwaka 2011, nyumbani kwake.

Sikuambii hivyo ili msimchukue baba. Nakuambia ili muulize swali ambalo mimi sikuuliza: huyu mzee, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku, anafanya nini? Baba yako anafungua kuku. Anapita mgombani, anashika mashina, anakagua mfongo, ule mfereji wa maji. Anasalimiwa "mwalimu" na kila anayepita njiani, na akipotea kijana wa bodaboda anajua pa kumrudisha. Njiro nani anajua kwamba yeye ni mwalimu? Siku akivaa koti akatoka getini, atafika barabara kubwa, na dereva wa daladala atamuona mzee wa kawaida tu anayeenda zake. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau akihamishiwa nyumba asiyoijua mara nyingi huchanganyikiwa zaidi, hasa usiku, kwa sababu miguu yake ilikuwa inakumbuka njia hata pale kichwa kilipokuwa kimesahau.

Tena kuna hili, nalo watu hulionea haya kulitaja kikaoni. Nani atamwogesha? Leo anaoga mwenyewe, labda mama anamsugua mgongo. Kesho hataweza. Wewe ni bintiye. Mumeo ni mkwe wake. Dada wa kazi ni mtoto wa watu. Nimewaona wazee wakikataa kuoga wiki nzima, familia ikasema ni ukaidi, kumbe ni aibu ya kuvuliwa nguo na binti yao. Popote mtakapomweka, Machame au Njiro, tafuteni mwanamume. Kijana wa ukoo aliyetulia, mtoto wa jirani anayemheshimu, alipwe mshahara kamili kila mwezi, si "hela ya soda". Mkimpata huyo, nusu ya mzigo wa mama imeshuka, na nusu ya ugomvi wenu imekwisha.

Ukiniuliza mimi, ningewaacha pale kwa sasa, ila si pale palivyo. Kilichomwangusha baba ni choo. Jengeni choo ndani, cha kukaa, chenye vyuma vya kushikilia ukutani. Kikichelewa, mwambieni fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu, ndoo yenye mfuniko chini yake, kikae kando ya kitanda. Ni kitu cha siku moja na kinaokoa nyonga. Wekeni taa ya sola kwenye korido inayowaka usiku kucha. Malapa yatupwe, anunuliwe viatu vya kubana vyenye soli ya kushika. Njia ya kwenda bandani imwagwe zege au mawe, maana udongo ule mwekundu wa mlimani ukinyeshewa ni sabuni. Ng'ombe wapunguzwe abaki mmoja, au wawekwe kwa jirani kwa makubaliano ya maziwa. Wasiondolewe wote siku moja, sababu nimekueleza.

Halafu mtumie nyumba yako ya Njiro kwa masika. Machi hadi Mei, mlimani kukiteleza, waje wote wawili kama wageni, na vitu vyao: kigoda cha mama, redio ya baba, blanketi lake lenye harufu ya nyumbani. Mpe baba kazi ya kweli, asahihishe madaftari ya wajukuu. Mpe mama kisu na ndizi mshare, akupikie mtori. Juni warudi. Mwaka wa kwanza mtaona wenyewe kama wananyauka au wanachanua, na hamtakuwa mmechoma daraja na mtu yeyote.

Lakini mkubaliane pia siku ya kubadili. Mama akishindwa kumwinua hata akiwa na msaidizi. Baba akiacha moto unawaka akaondoka. Akianza kutoka usiku. Na ipo siku moja ngumu, inaweza isije: mzee ameketi kwenye kiti chake, ndani ya nyumba aliyoijenga, anaomba arudishwe nyumbani. Siku hiyo kihamba hakimshiki tena, awe karibu na mwenye mikono ya kumtunza, hata kama ni Njiro, na kaka yako mkubwa akubali. Akifia kwako atasafirishwa Machame azikwe penye baba zake, kama wanavyosafirishwa wengine wengi kila wiki. Hakuna aibu hapo.

Kuhusu Njoro: mdogo wako asitukanwe. Alisema kwa kuchoka. Ila makazi yale ni ya serikali, kwa wazee wasio na mtu wala uwezo, na hupokelewa kupitia ustawi wa jamii. Baba mwenye watoto watano si mmoja wao.

Kaka yako mkubwa nadhani ana hofu nyingine nyuma ya makaburi, na ndugu wengi huwa nayo: wazazi wakiondoka, kihamba kitakuwa cha nani? Itajeni kwa sauti. Kihamba ni cha wazazi wangali hai, na nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, baba hawezi kuiuza bila ridhaa ya mama. Kama mzee anataka kuandika wosia, aandike sasa, asubuhi ambazo akili yake imetulia, daktari akiwa ameshamuona, kwa wakili au RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambao pia wanautunza. Mkichelewa mwaka, kila sahihi yake itakuwa kesi. Na mama awemo humo kwa jina.

Mdogo wenu wa Dar na mkewe waacheni. Desturi ya kitinda mimba kurithi nyumba ya wazazi ilikuja na kitinda mimba kukaa nao. Kama hawezi kukaa, achangie mshahara wa yule kijana kila tarehe mliyokubaliana, na nyumba mtaizungumza wakati wake.

Kikaoni, mama akae. Asiwe jikoni anawapikia.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mke wa kitinda mimba, tunaishi Kibosho na mama mkwe aliyepata kiharusi, mwaka wa pili sasa. Hawezi kugeuka mwenyewe na chakula anakula kidogo. Mume wangu anashinda kwenye kazi Moshi. Mashemeji na mawifi wanatuma pesa wanapokumbuka. Krismasi wakija kila mtu anakagua: mbona amekonda, mbona shuka hili. Mwaka jana wifi alisema mbele ya watu kwamba mama anateswa. Nimefika mahali pa kutaka kurudi kwetu.

Mkwe, Kibosho

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Mtu mwenye kiharusi kuingia mwaka wa pili kitandani, mikononi mwako, naye bado yuko hai: gharama ya hilo naijua. Nilifanya kazi hiyo kwa zamu ya masaa manane, na wenzangu wa kunipokea. Wewe huna wa kukupokea.

Kukonda kwake kuwe jambo la hospitali, lisiwe la mawifi. Waliopata kiharusi wengi humeza kwa shida. Mkalishe wima kabisa anapokula, mtori mzito kwa kijiko kidogo, usimmiminie maji matupu haraka. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa na majimaji baada ya kula, mpeleke aonwe, kwa sababu chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu. Mgeuze kila baada ya masaa mawili, na uangalie makalio, nyonga na visigino. Pakianza kuwa pekundu, hapo kidonda kinataka kuanza.

Nunua daftari. Andika saa ya kula na alichokula, saa ya dawa, saa ya kumgeuza, alivyolala. Litakusaidia kwa daktari, na litakaa mezani Desemba.

Mengine si yako kuyasema, ni ya mumeo. Hao ni ndugu zake, mama ni mama yake. Ukiyasema wewe utaitwa mkwe mwenye mdomo. Awapigie mwezi huu, asisubiri sikukuu, awaambie mambo mawili: mchango una kiasi na tarehe, na kila baada ya miezi mitatu mmoja wa mabinti anakuja kulala chumbani kwa mama wiki mbili, wewe uende kwenu upumzike. Wifi aliyesema mama anateswa aanze yeye. Mfundishe kumgeuza kabla hujaondoka, umuoneshe daftari, umuachie chumba kikiwa safi.

Ukirudi niandikie, uniambie alikaa siku ngapi.